Sinema ya sanaa ya Italia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mabishano kuhusu filamu za zamani za Italia yana sura moja. Mmoja anasema ni kito, mwingine anasema alilala kabla ya nusu. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, ila wametia kwenye gunia moja vitu visivyofanana. Majina ya filamu tumeyaacha kwa Kiitaliano, maana ndivyo utakavyozipata ukizitafuta. Maswali yana namba, na pale jibu linapokutana na jingine tumeelekeza badala ya kurudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Tukisema "sinema ya sanaa ya Italia" tunamaanisha filamu zipi hasa?

Kwa kawaida ni zile zilizotengenezwa tangu Vita Kuu ya Pili ilipoisha hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndani yake mna mafungu yasiyopungua manne.

La kwanza ni uhalisia mpya, takriban 1945 hadi 1952: Roberto Rossellini, Vittorio De Sica na mwandishi wake Cesare Zavattini, na Luchino Visconti wa siku za mwanzo. Humo mna umaskini, mitaa iliyobomolewa kwa mabomu na watu wa kawaida. La pili ni la wakubwa wa miaka ya 1960, kila mmoja na ulimwengu wake: Federico Fellini, Michelangelo Antonioni, Pier Paolo Pasolini, Visconti wa majumba ya kifahari, na kijana wao Bernardo Bertolucci. La tatu ni filamu za siasa na uchunguzi, za akina Francesco Rosi na Gillo Pontecorvo. La nne, ambalo wapenda sanaa walilidharau kwa muda mrefu, ni vichekesho vya Mario Monicelli, Dino Risi na Pietro Germi.

Ermanno Olmi hakai vizuri katika fungu lolote. Ukimruka kwa sababu hiyo, hasara ni yako.

2. Kwa nini mwenzangu anaiona filamu fulani kuwa kito, na mimi nimelala dakika ya 20?

Kila mtu huingia kwenye filamu akingoja kitu. Aliyezoea steringi atamngoja steringi: nani mbaya, atalipiziwa lini. Mwingine hungoja uso wa mwigizaji ubadilike. Mwingine anataka kuuona mji, nguo, vyombo vya jikoni. Filamu ya Antonioni humnyima kabisa yule wa kwanza, humpa kidogo wa pili, na humshibisha wa tatu. Filamu ya De Sica huwapa wote watatu kitu, ndiyo maana ina maadui wachache.

Kuna jambo moja la kiufundi linalowakera wengi bila wao kulijua. Antonioni ana tabia ya kuiacha kamera ikiendelea baada ya mwigizaji kutoka kwenye picha. Unabaki unatazama ukuta, au mlango. Ukidhani mhariri amesahau kukata, utakasirika. Ukijiuliza yule aliyetoka ameacha nini pale, ukuta unaanza kusema.

Halafu kuna sababu nyepesi ambayo watu huona haya kuitaja: uchovu. Filamu ya dakika 143 yenye maneno machache, iliyoanza saa nne usiku baada ya siku nzima ya kazi, itamlaza mtu yeyote. Jaribu Jumamosi asubuhi kabla hujaihukumu.

3. Nianze na ipi?

Anza na unachokipenda tayari, usianze na ile inayosifiwa zaidi.

Kama unapenda hadithi ya familia inayoshika moyo, *Ladri di biciclette* ya De Sica (1948, dakika 89). Kama unapenda mapambano na mbinu za vita vya mjini, *La battaglia di Algeri* ya Pontecorvo (1966, kama saa mbili). Kama unapenda kucheka, *I soliti ignoti* ya Monicelli (1958): wezi wanaojiona mabingwa wanapanga kutoboa ukuta ili wafikie kasha la fedha, na kila hatua inaharibika. Kama unapenda safari na gari zuri, *Il sorpasso* ya Risi (1962), ambamo Vittorio Gassman anamburuta mwanafunzi mwenye haya katika Lancia Aurelia siku ya sikukuu ya Agosti. Na kama umewahi kwenda kufanyiwa usaili ukiwa na shati la kuazima, *Il posto* ya Olmi (1961) utaielewa kuliko mhakiki yeyote.

Fellini na Antonioni waje baadaye, na kwa mpangilio: *La strada* (1954) kabla ya *La dolce vita* (1960), na hiyo kabla ya *8½* (1963). Wengi walioichukia *8½* walianza nayo.

4. Waitaliano wenyewe walizipenda?

Baadhi tu. Mwaka 1949 umma wa Italia ulijaa kwenye *Catene* ya Raffaello Matarazzo, filamu ya mapenzi, wivu na machozi ambayo wahakiki hawakutaka hata kuigusa. *Umberto D.* ya De Sica (1952) ilianguka sokoni. Giulio Andreotti, aliyekuwa naibu waziri mwenye dhamana ya sinema, aliandika hadharani kwamba De Sica anaitumikia nchi yake vibaya kwa kuonyesha uchungu mtupu.

Mabishano hayakuwa ya watawala peke yao. Katika tamasha la Venice la 1954, *La strada* ya Fellini ilipata tuzo ya Simba wa Fedha na *Senso* ya Visconti ikatoka mikono mitupu. Mashabiki wa pande mbili walitaka kushikana mashati. Wahakiki wa mrengo wa kushoto walimwona Fellini amewasaliti maskini kwa kuingiza malaika na miujiza. Miaka sita baadaye, kwenye uzinduzi wa *La dolce vita* jijini Milano, alitemewa mate, na gazeti la Vatikani likaishambulia filamu hiyo. Watu wakapanga foleni kuiona.

Kwa hiyo ukiona filamu hizi zinakugawa wewe na jamaa zako, mmeukuta mzozo ulioanza zamani.

5. Orodha za wahakiki zina maana yoyote?

Zina maana kama kipimo cha wakati. Katika kura ya jarida la Uingereza *Sight and Sound*, *Ladri di biciclette* ilikuwa ya kwanza duniani mwaka 1952. Mwaka 1962 *L'avventura*, iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu, ilishika nafasi ya pili. Mwaka 2022 hakuna ya Italia iliyoingia kumi bora; *8½* ilikuwa ya 31. Filamu ni zile zile, macho ndiyo yamebadilika. Tumia orodha kutafutia, usitumie kujilaumu.

## Uhalisia mpya

6. *Ladri di biciclette*: hadithi nzima ni baiskeli iliyoibwa. Ukubwa wake uko wapi?

Tazama dakika za mwanzo kwa makini. Antonio anapata kazi ya kubandika mabango, lakini kazi inataka mwenye baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe hasemi mengi. Anavua mashuka kitandani, anayafunga, wanayapeleka kwenye duka la rehani. Mhudumu anayapokea na kuyabeba hadi kwenye rafu, anapanda, anapanda tena. Kamera inamfuata na tunaona rafu zimejaa hadi darini mashuka ya watu wengine. Hakuna aliyehutubia kuhusu umaskini wa Roma; umeuona wenyewe, umefungwa vifurushi.

Baadaye baiskeli inaibwa Antonio akiwa juu ya ngazi, anabandika bango la mwigizaji wa Marekani, Rita Hayworth. Chapa ya baiskeli ni Fides, neno la Kilatini lenye maana ya imani. Wengine huona De Sica amezidisha hapo. Ni kweli ametia chumvi, ila ni kidogo, na hailazimishwi mdomoni.

Anayebisha kwamba "hakuna kinachotokea" aangalie sehemu ya mgahawani. Baba, aliyekwisha kumzaba mwanawe Bruno kofi kwa uchungu, anaamua kumfurahisha kwa mkate wa kukaanga wenye jibini inayovutika. Meza ya pili yuko mtoto wa tajiri, naye anavuta jibini yake. Bruno anamkatia jicho. Kisha baba anaanza kupiga hesabu ya mshahara ambao angeupata, na chakula kinamkwama kooni.

7. Ni kweli waigizaji hawakuwa waigizaji?

Mara nyingi, ndiyo, ila si wote na si kila filamu. Lamberto Maggiorani, aliyecheza Antonio, alikuwa fundi kiwandani. Carlo Battisti wa *Umberto D.* alikuwa profesa wa isimu. Wavuvi wa *La terra trema* ya Visconti (1948) walikuwa wavuvi wa Aci Trezza, Sisilia, wakiongea lahaja yao, na Mwitaliano wa Milano alihitaji sauti ya msimulizi ili aelewe. Lakini *Roma città aperta* ya Rossellini (1945) imebebwa na Anna Magnani na Aldo Fabrizi, wasanii wa jukwaani waliojulikana na kila mtu.

De Sica alikuwa na njia nyingine pia: mtayarishaji mmoja wa Hollywood, David O. Selznick, alitaka kugharimia *Ladri di biciclette* kwa sharti Cary Grant acheze Antonio. De Sica alikataa. Fikiria Cary Grant amevaa kofia iliyochakaa, utaelewa kwa nini.

8. Kwa nini wapo wanaosema *Umberto D.* ni bora kuliko *Ladri di biciclette*?

Kwa sababu ya jikoni. Maria, msichana wa kazi mwenye mimba isiyo na baba wa kuikubali, anaamka asubuhi. Anawasha kiberiti kwa kukikwaruza ukutani, anatazama dirishani, anawamwagia maji sisimizi ukutani, anasaga kahawa akiwa amekaa, na anaunyoosha mguu ausukume mlango kwa ncha ya kidole bila kuinuka. Machozi yanamtoka, usagaji unaendelea. Ni dakika kadhaa bila hadithi kusogea.

Hapo ndipo watazamaji hugawanyika kama maji na mafuta. Kama dakika hizo zilikuchosha, usijilazimishe kwenda kwa Antonioni sasa. Nenda fungu la tatu au la nne (swali la 1). Kama zilikushika, *L'avventura* haitakuwa ngeni kwako.

## Fellini, Antonioni na Visconti

9. Kwa nini anayempenda Fellini mara nyingi hamtaki Antonioni?

Fellini hujaza. Nyuso, manyoya, padre, sarakasi, muziki wa Nino Rota usiokatika. Antonioni huondoa: watu wanabaki wawili, kisha mmoja, kisha kona ya barabara. Mwisho wa *L'eclisse* (1962) wapenzi wameahidiana kukutana, na hakuna anayetokea. Kwa kama dakika saba tunaonyeshwa mahali pa miadi bila wao: pipa la maji, kivuko cha waendao kwa miguu, basi linalowashusha watu wengine, taa ya barabarani inayowaka.

Tofauti ya pili ni ucheshi. Fellini anacheka hata anapolia. Antonioni hachekeshi. Tunaona hilo ni pungufu lake la kweli, na mashabiki wake wangefanya vyema kulikubali badala ya kumtetea.

10. *L'avventura*: yule msichana aliyepotea kisiwani yuko wapi?

Hapatikani. Anna anatoweka kwenye kisiwa cha mawe karibu na Sisilia, mchumba wake na rafiki yake Claudia wanamtafuta, wanapendana njiani, na polepole wanaacha kumtafuta. Hakuna nakala yenye mwisho mwingine, wala hukupitwa na kitu.

Ilipoonyeshwa kwenye tamasha la Cannes mwaka 1960 ilizomewa, kisha baraza la waamuzi likaipa tuzo. Dokezo la kukusaidia: usimtafute Anna. Hesabu ni mara ngapi jina lake linatajwa kadiri muda unavyokwenda. Kitisho cha filamu ni jinsi mtu anavyosahauliwa upesi.

11. Katika *8½* sijui ipi ni ndoto na ipi ni kweli. Kuna alama?

Zipo, ingawa Fellini anazivuruga makusudi kadiri filamu inavyosonga. Sikiliza kuliko kutazama. Mwanzoni, kwenye msongamano wa magari, sauti za mji zimeondolewa na unasikia pumzi ya Guido, mhusika mkuu, peke yake: hiyo ni ndoto. Sauti ya mahali inapokatika au upepo unapovuma pasipo na upepo, umeingia kichwani mwake. Kumbukumbu za utoto zina giza la joto na watu wazima warefu kupita kiasi.

Jina lenyewe ni hesabu: kabla yake Fellini alikuwa na filamu ndefu sita, vipande viwili vifupi vilivyohesabiwa pamoja kama moja, na moja aliyoongoza na mwenzake, iliyohesabiwa nusu. Jumla saba na nusu; hii ikatimiza nane na nusu.

Na lile neno *asa nisi masa* linalowasumbua wengi ni mchezo wa watoto wa kuficha maneno kwa kupachika silabi: a-sa, ni-si, ma-sa, yaani *anima*, roho. Aliyewahi kuongea kinyume utotoni, akasema "tuki" akimaanisha "kitu", hana haja ya maelezo zaidi.

12. Dansi ya *Il Gattopardo* ni ya nini ndefu vile?

Inachukua karibu robo ya filamu ya saa tatu. Kabaila wa Sisilia (Burt Lancaster) anazunguka vyumba, anatokwa jasho, anaona tabaka lake linazeeka likicheza. Visconti anataka nawe uchoke, uhisi joto na kola inayobana. Ukiiona kwenye simu, utabaki na urefu na ukose joto. Kama kuna filamu moja hapa ya kungojea skrini kubwa, ndiyo hii.

## Pale Afrika inapoingia

13. Kuna filamu za sinema hii zinazotugusa moja kwa moja?

Zipo tatu za kutaja. *La battaglia di Algeri* imetajwa juu. Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji jijini Algiers, aliitayarisha na kuigiza ndani yake, na hakuna kipande hata kimoja cha picha halisi za habari ingawa utaapa kwamba kipo.

Ya pili ni *Il vangelo secondo Matteo* ya Pasolini (1964), iliyopigwa kusini mwa Italia, hasa Matera. Katikati ya muziki wa Bach utasikia ngoma na sauti za *Missa Luba*, misa ya Kilatini iliyoimbwa na kwaya kutoka Kamina, Katanga. Mtazamaji wa Lubumbashi anaisikia filamu ile tofauti kabisa na wa Roma.

Ya tatu ni *Appunti per un'Orestiade africana* (1970). Pasolini alizunguka Uganda na Tanzania, hadi Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, akitafuta nyuso na mahali pa kuhamishia tamthilia ya Kigiriki. Ni daftari la filamu ambayo haikutengenezwa. Sehemu yake bora ni pale anapowaonyesha wanafunzi wa Kiafrika jijini Roma picha hizo na wao wanambishia: Afrika ni bara lenye mataifa mengi, si kijiji kimoja. Aliyaacha mabishano hayo ndani ya filamu, na hilo ni la kumsifu.

14. Ile sehemu ya Kenya katika *L'eclisse* tuielewe vipi?

Vittoria (Monica Vitti) anaingia nyumbani kwa jirani, Marta, mwanamke mzungu aliyekulia Kenya. Ukutani kuna picha za nyika na mlima, na kuna meza iliyotengenezwa kwa mguu wa tembo. Vittoria anajipaka rangi nyeusi, anashika mkuki, anacheza. Marta anakasirika na kuuzima mchezo, kisha anawaongelea Waafrika kwa dharau ya wazi, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kenya.

Watazamaji hutoa majibu matatu. Wengine huizima filamu hapo hapo, na hatuna la kuwalaumu. Wengine husema Antonioni anawaonyesha wote wawili jinsi walivyo watupu: mmoja ana Afrika ya mapambo, mwingine Afrika ya kumiliki. Wengine husema hata kama nia ni hiyo, Mwafrika mwenyewe hana sauti katika mazungumzo yanayomhusu. Majibu mawili ya mwisho yanaweza kusimama pamoja. Ukitaka kuruka sehemu hiyo, haitakukosesha mtiririko wa hadithi.

## Sauti, picha na nakala

15. Midomo hailingani na maneno. Nimepata nakala mbovu?

Hapana. Italia ya miaka ile ilikuwa na desturi ya kuingiza sauti studio baada ya kupiga picha. Iliwawezesha kupiga mitaani penye kelele, na mwongozaji aliweza kuwapigia waigizaji kelele kamera ikiwa inazunguka. Fellini alifika hadi ya kuwaambia baadhi wahesabu namba tu, maneno yaandikwe baadaye. Kristo wa Pasolini katika *Il vangelo* ni mwanafunzi Mhispania, Enrique Irazoqui, na sauti unayoisikia ni ya Enrico Maria Salerno. Claudia Cardinale alikuwa nyota tayari kabla sauti yake halisi haijasikika, katika *8½*.

Waliokulia kwenye vibanda umiza, sauti ya mtu mmoja ikitafsiri filamu nzima, huzoea haraka kuliko watazamaji wa Ulaya. Kama sauti yote imetangulia au imechelewa kwa zaidi ya nusu sekunde, hata mlango unapofungwa, hapo ndipo nakala ina kasoro.

16. Nichague sauti ya Kiitaliano yenye sabtaito, au iliyotiwa Kiingereza?

Kiitaliano, karibu kila mara, hata kama hujui neno. Inayotatiza kidogo ni *Il Gattopardo*: katika toleo la Kiingereza sauti ya Burt Lancaster ni yake mwenyewe, lakini toleo hilo lilikatwa kwa zaidi ya dakika 20. Chukua la Kiitaliano la dakika 185, uikose sauti ya Lancaster.

17. Nakala mbili za filamu moja zina urefu tofauti. Ipi imekatwa?

Huenda hakuna. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na nakala za zamani za DVD na televisheni za Ulaya huziendesha kwa picha 25. Filamu inafupika kwa asilimia 4, na sauti inapanda kidogo. Kwa hiyo *L'avventura* ya dakika 143 inakuwa kama 137, na *La dolce vita* ya 174 inakuwa 167. Zidisha urefu mfupi kwa 25, gawa kwa 24. Ukipata ule mrefu, hakuna kilichokatwa. Usipoupata, tafuta nakala nyingine, ikiwezekana iliyokarabatiwa. Kazi nyingi nzuri za ukarabati hutoka maabara ya L'Immagine Ritrovata, Bologna.

18. Sabtaito zinapishana na maneno. Nifanye nini?

Kwanza pima. Angalia pengo dakika ya 2, kisha dakika ya 40.

Kama pengo ni lile lile, zisogeze. Kwenye programu ya VLC ya kompyuta, herufi G na H husogeza sabtaito kwa milisekunde 50 kila unapobonyeza. Kama pengo linakua, tatizo ni la swali la 17: sabtaito za picha 25 zimewekwa kwenye filamu ya picha 24. Kusogeza hakutasaidia, maana kila dakika zinakosana kwa zaidi ya sekunde 2. Ukizilinganisha mwanzoni, dakika ya 10 zimeshatangulia kwa sekunde 24. Badilisha kasi ya sabtaito kwenye mpangilio wa ulinganishaji, au tafuta faili nyingine.

19. Kwenye runinga mpya filamu inaonekana kama tamthilia ya mchana.

Zima kipengele cha kulainisha mwendo. Kila kampuni ina jina lake, ila hukaa kwenye mipangilio ya picha. Ukichagua hali ya "sinema" mara nyingi kinazimika chenyewe. Usinyooshe picha ijaze skrini. Filamu za uhalisia mpya zina umbo karibu na mraba, na weusi pembeni ni halali yake.

## Mambo ya pembeni

20. Zipi si za kutazama na watoto au wazazi?

*Salò* ya Pasolini (1975) si ya kutazama na mtu ambaye hajakubali kwa hiari yake: ni mateso na udhalilishaji mwanzo hadi mwisho. *Ultimo tango a Parigi* ya Bertolucci (1972) ina tendo la ukatili wa kingono ambalo mwigizaji Maria Schneider hakuambiwa yote kabla ya kupigwa picha. Wengi huikataa kwa sababu hiyo tu. *Novecento* (1976) ina uchi na ukatili ndani ya saa zake zaidi ya tano.

Ile inayowashtua watu bila kutarajia ni *L'albero degli zoccoli* ya Olmi (1978). Ni filamu ya upole kuhusu wakulima wa Bergamo, lakini nguruwe anachinjwa mbele ya kamera, kwa kweli, na kwa muda mrefu. Nyumba nyingi zingependa kuambiwa mapema.

21. Tunataka kuonyesha kwa kikundi cha watu 30. Tuepuke makosa gani?

Kosa la kwanza ni kuchagua ndefu. Chagua chini ya dakika 110. La pili ni sabtaito: keti kiti cha nyuma kabisa kabla wageni hawajafika, usome mistari mitatu. Ukikunja macho, ongeza ukubwa. Maandishi meupe juu ya mashuka meupe ya De Sica hupotea, kwa hiyo yape kivuli cheusi. La tatu ni hotuba ndefu kabla ya filamu; dakika tatu zinatosha, na usiseme mwisho.

Haki ya kuonyesha hadharani inahitajika hata kama hamtozi kiingilio. Uliza pia Bodi ya Filamu Tanzania, au Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya, kabla ya kutangaza. Nairobi ipo Taasisi ya Utamaduni ya Italia, na kuwaandikia barua ni rahisi kuliko kuhangaika na mwenye haki aliye Roma.

Mjadala ukianza, usiulize "mmeipenda?" Watajigawa pande mbili na kunyamaza. Uliza: ni picha gani moja unayoikumbuka sasa hivi?

22. Naweza kutengeneza sabtaito za Kiswahili mwenyewe?

Ndiyo. Faili ya .srt ni maandishi ya kawaida: namba, muda wa kuanza na kuisha, kisha mistari isiyozidi miwili. Ihifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi). Weka herufi zisizozidi 42 kwa mstari, na usiache maandishi chini ya sekunde moja wala zaidi ya saba.

Ugumu ni kwamba maneno yetu ni marefu na Waitaliano wanaongea kama cherehani. *Te l'avevo detto* ukiitafsiri "Nilikuwa nimekwisha kukuambia" mwigizaji atakuwa ameshatoka mlangoni. Andika "Nilikwambia."

Kisha kuna *tu* na *Lei*. Kiitaliano kina nafsi ya ukaribu na nafsi ya heshima, na mtu anapohama kutoka moja kwenda nyingine, jambo limetokea kati yao. "Wewe" yetu haibebi hilo. Libebe kwa majina ya kuitana: msichana wa kazi amwite mpangaji "mzee" au "bwana", naye amwite "binti", wapenzi walioanza na "bwana" waanze kuitana kwa majina siku ile *Lei* inapokufa. Umri unapotofautiana sana, "shikamoo" moja mahali pa *buongiorno* inafanya kazi ya sentensi nzima.

Lahaja ni mtego. Vijana wa *Accattone* ya Pasolini (1961) wanaongea Kiroma cha mitaani, na kishawishi ni kuwapa Sheng au lugha ya vijiweni vya Dar. Maneno mawili matatu yanatosha. Ukijaza, baada ya miaka mitano misemo yako itakuwa imezeeka kuliko filamu, na mtazamaji wa Bujumbura atahitaji sabtaito za sabtaito zako.